Carson au Letterman?

Johnny Carson alikalia kiti cha mtangazaji wa The Tonight Show, kipindi cha usiku cha mazungumzo na vichekesho kwenye TV ya Marekani, miaka 30, kuanzia 1962 hadi 1992. Suti safi, mzaha mfupi, kisha anazungusha mikono kama mcheza gofu, bila fimbo wala mpira. Mchekeshaji chipukizi akiitwa kuketi kwenye kochi lake, basi ametoka kimaisha.

David Letterman, aliyewahi kutangaza hali ya hewa Indianapolis, naye alikuwa na kipindi chake cha usiku, na alikuwa mtundu. Mwaka 1984 alivaa suti ya velkro (kitambaa cha kunatanisha), akaruka, akanata ukutani! Alidumu miaka 33 kwenye vipindi vya usiku, ila kiti cha Carson alipewa mchekeshaji mwingine, Jay Leno.

Mimi ni wa Letterman. Hata Carson, akiwa ameshastaafu, alikuwa akimtumia vichekesho kimyakimya. Carson alipofariki mwaka 2005, Letterman alifungua kipindi kwa vichekesho hivyo hivyo.