Usukani wa simuleta usioitika: habu yenye umeme wake au tundu la kompyuta?

Usukani na pedali za simuleta ya urubani vinapoacha kuitika, wengi hukimbilia kununua habu ya USB, yaani kifaa kinachogeuza tundu moja la kompyuta kuwa mengi, yenye adapta yake ya umeme. Hoja yao ina uzito: tundu la USB 2.0 hutoa umeme wa miliampea 500 na la USB 3.0 miliampea 900, na habu isiyo na adapta huzigawanya kwa vifaa vyote ilivyobeba. Hata hivyo, ningeanza na njia isiyogharimu kitu, yaani kuchomeka kila kifaa moja kwa moja kwenye kompyuta, kisha kuizuia Windows isizime matundu ili kuokoa umeme. Hapa Mombasa, ambako hewa ya chumvi hula vyuma, plagi nazo zikaguliwe kutu. Habu inunuliwe matundu yasipotosha, au vifaa vinapokatika vyote kwa pamoja.