Kamera ya MiniDV ya mtumba: nzuri kwa mikanda ya zamani, si kwa kurikodi upya

Assalaam aleykum watazamaji. Kilichopo mezani leo ni kamera ya MiniDV, ile inayorikodi video kwenye mkanda mdogo wa dijitali, hizi za mtumba unazozikuta sokoni Darajani, Unguja. Mkanda wake ndio huu, umezidi kibiriti kidogo tu. Kamera za aina hii zilitumika sana na watu wa kawaida walipoanza kuweka video zao kwenye intaneti, na ukiijua utaelewa kwa nini video zile zilikuwa fupi na zenye ukungu.

Mkanda mmoja ni dakika 60. Ukiuhamishia kwenye kompyuta unakula kiasi cha gigabaiti 13, na hauna njia ya mkato: saa nzima ya mkanda ni saa nzima ya kusubiri. YouTube ya 2006 ilipokea faili lisilozidi megabaiti 100 na dakika 10. Dakika 10 za mkanda huu ni gigabaiti 2 na ushei, basi lazima uzikamue mara 20 na zaidi. Bado kupandisha! Kwa modemu ya simu ya kilobiti 33.6 kwa sekunde, megabaiti 100 zinachukua zaidi ya saa 6, na laini isikatike. Watu wakakata video zao hasa. Video ya kwanza kabisa ya YouTube, ya Aprili 23, 2005, ni sekunde 19.

Huko nako picha ikabanwa tena, 320 kwa 240. Kamera hii ya PAL, mfumo wa video uliozoeleka kwetu, inapiga nusu picha 50 kwa sekunde, kila nusu na mistari yake kwa zamu, ndiyo maana ukiitazama leo kwenye kioo kikubwa, mtu akipita haraka anaota meno ya chanuo ubavuni. Kwenye kidirisha kile kidogo nusu moja ilitosha, meno usiyaone.

Haya, ukienda kununua, kwanza igeuze usome kibandiko. Ya soko la Japani ni NTSC, mfumo mwengine wa video. Mikanda ya harusi za hapa iliyorikodiwa kwa PAL usitegemee itacheza. Pili, tafuta tundu la DV lenye pini 4, ndilo la kutolea video. Tundu la USB kwenye nyingi ya hizi ni la picha za mnato tu, au video hafifu. Kompyuta nayo iwe na tundu la FireWire, ndilo linalopokea waya wa DV; vile vichwa vya bei rahisi vya kugeuza FireWire kuwa USB ni pesa za kutupa.

Nenda na mkanda wako uucheze papo hapo. Ukiona vigae vigae kwenye picha, kichwa kinachosoma mkanda ni kichafu: tia mkanda mkavu wa kusafishia, sekunde 10, basi, maana unakwaruza. Vigae vikibaki baada ya mara tatu, mrudishie mwenyewe. Ila mkanda uliorikodiwa kwa LP, ule mwendo wa polepole wa kurefusha muda, kwenye kamera nyengine, huenda picha yake ikakatikakatika hata kwenye kamera isiyo na kasoro.

Adui mkubwa kwetu ni unyevu. Ukitoka nayo chumba chenye kiyoyozi, ifunge kwenye mfuko wa plastiki mpaka ipate joto la nje. Ikishaonya unyevu, toa mkanda, acha mlango wa mkanda wazi kwa muda wa saa moja.

Kurikodi upya? Simu yako inaishinda. Kwa mikanda iliyolala kabatini, inunue. Mkanda wenye kuvu jeupe usiutie kabisa: utachafua kichwa, na kichwa kitachafua kila mkanda unaofuata.