Sony A7R V na Megapikseli 61: Je, Unazihitaji Kweli?

Karibu sana. Leo mezani nina kamera mbili za Sony. Hii ni A7R V, iliyotoka mwaka 2022 ikiwa na megapikseli 61, yaani nukta (pikseli) milioni 61 zinazounda picha moja, na hii ni A7 III ya mwaka 2018, yenye megapikseli 24. Swali linalokuja kwangu mara nyingi kuliko mengine yote ni hili: "Nina ya 24, niiuze nihamie 61?" Kwa wengi wenu jibu langu ni hapana, na naomba unisikilize kabla hujatoa pesa yako.

Tazama picha hizi mbili. Uso uleule, mwanga uleule wa dirishani, lenzi ileile ya milimita 85. Ipi imepigwa na ya 61? Simamisha video kidogo, ziangalie vizuri.

Ni vigumu kujua, na macho yako hayana tatizo. Hata kama unatazama kwa 4K, skrini inaonyesha pikseli 3840 kwa 2160, yaani megapikseli 8 na ushee. Full HD ni 2 tu. Kila kilichozidi hapo kimeshapunguzwa kabla picha haijakufikia. Na tuseme ukweli, kazi zetu nyingi siku hizi zinatazamwa kwenye simu.

Halafu kuna hesabu inayowachanganya watu wengi. 61 inaonekana ni mara mbili na nusu ya 24, na kweli ndivyo ilivyo, lakini megapikseli zinapima eneo lote la picha: pikseli za upana zikizidishwa na za kimo. A7 III inatoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. A7R V inatoa 9504 kwa 6336. Gawanya 9504 kwa 6000, unapata 1.58. Kwa hiyo ukipima uso wa mtu kutoka sikio hadi sikio, umeongeza pikseli kwa asilimia 58 hivi. Ukitaka undani wa mara mbili ya 24, unatakiwa kufika megapikseli 96.

Sasa tuvute karibu, asilimia mia, jicho la kushoto. Hapa A7R V inanifurahisha sana. Kope unaweza kuzihesabu mojamoja, na ndani ya mboni unaona vyuma vya dirisha. Kwenye A7 III dirisha lipo, ila zile kope fupi za kwenye kona zimeshikana. Tofauti ipo, siikatai.

Lakini ona picha inayofuata. Kamera ni ileile ya 61, nimeishika mkononi, kituliza mtikisiko nimekizima makusudi, kasi ya shata ni 1/60 ya sekunde. Kope zimevimba, dirisha limepotea. Pikseli moja ya sensa hii, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ina upana wa maikromita 3.8 hivi, wakati ya A7 III inakaribia 6, kwa hiyo mtikisiko mdogo tu unaruka kutoka pikseli hadi pikseli. Ukikiwasha kituliza, kitausaidia mkono wako, lakini hakiwezi kumzuia mtu anayecheka na kugeuka. Hapo dawa ni kuongeza kasi ya shata, na ukiongeza kasi mwanga unapungua, kwa hiyo ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, nayo inapanda, chenga zinaanza kutokea.

Wapiga mandhari mnaopenda kubana tundu la lenzi hadi f/16, hili ni lenu. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo unatawanyika. Kwa f/16 kila nukta ya mwanga inatua kwenye sensa ikiwa doa la maikromita 21 hivi, yaani pikseli zaidi ya tano za A7R V kwa upana. Unalipia pikseli ambazo fizikia yenyewe inakunyang'anya.

Kuchapisha? A4 kwa pikseli 300 kwa inchi inataka megapikseli karibu 9. A3 inataka 17 na kitu. Bango la barabarani linatazamwa kwa mbali, kwa hiyo halidai msongamano huo.

Nani basi anaihitaji? Mpiga ndege, bila shaka. Ndege yuko mbali, lenzi imefika mwisho, inabidi ukate picha. Weka A7R V kwenye hali ya APS-C, inayotumia sehemu ya katikati tu ya sensa, na bado unabaki na megapikseli 26, zaidi ya picha nzima ya A7 III. Hilo ni jambo kubwa. Pia anayepiga vitambaa na vito kwa katalogi, anayenakili michoro kwa ajili ya makumbusho, na msanii anayechapisha picha ya ukubwa wa ukuta ambayo watu wataisogelea hadi pua iguse kioo. Ninyi nunueni, ni kamera nzuri sana.

Mpiga harusi, wewe fikiria kwanza. Faili moja ya RAW, yaani picha ghafi kutoka kwenye sensa, isiyobanwa ni kama MB 120, ile ya 24 haifiki 50. Picha 2000 ni GB 240 kwa shughuli moja, na nakala ya akiba inataka nyingine 240. Sony wameweka RAW ndogo za megapikseli 26 na 15, na ninawapongeza kwa hilo. Ila kama utaishi kwenye 26, kwa nini ulipie 61?

Hata simu zinakubali. Galaxy S23 Ultra ina sensa ya megapikseli 200, lakini kwa kawaida inaunganisha pikseli 16 kuwa moja na kukupa picha ya 12.

Kinachoniuma ni kuona kijana anakopa ili apate 61, halafu anafunga mbele yake lenzi ya bei rahisi na hana hata flashi moja. Lenzi nzuri kwenye A7 III ingempa picha bora zaidi wiki hiyohiyo.

Fungua kazi zako za karibuni uone unakata picha kiasi gani. Kama mara kwa mara unabakiza chini ya nusu, na lenzi ndefu zaidi haiwezekani, tuzungumze. Andika hapo chini unapiga nini na unatumia lenzi gani, nitakujibu.