Holsta, mkanda, tochi na fulana: uzoefu wangu na vifaa vya kujilinda vya kila siku

Nianze na holsta, yaani ala ya kubebea bastola, maana ndiyo niliyoibadilisha mara nyingi kuliko kifaa kingine chochote, na ndiyo ninayoulizwa sana na watu waliopata kibali cha bastola juzijuzi. Ninayovaa sasa ni ya Kydex, plastiki ngumu inayopashwa moto ikalainika, kisha ikabanwa juu ya umbo la bastola mpaka ipoe. Kwa hiyo inapokea bastola ya aina moja tu. Yangu ni Glock 19, na ukijaribu kuchomeka nyingine inagoma. Inakaa ndani ya suruali, upande wa kulia, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga. Bastola ikifika mwisho inalia "ta", plastiki imeng'ata kikinga triga, ile pete inayozunguka triga (kifyatulio). Nisiposikia mlio huo sitoki nyumbani.

Glock, kama bastola nyingi za kisasa, haina sefti (kizuizi cha usalama) ya nje ya kusukuma kwa kidole gumba. Sefti zake mbili ziko ndani, na ya tatu ni kile kilimi kidogo katikati ya triga. Kilimi hicho kinaizuia triga isirudi nyuma ikiguswa kwa pembeni, lakini hakiwezi kutofautisha kidole na kamba ya jaketi. Chochote kitakachoingia mle na kusukuma kisawasawa, risasi inatoka. Ndiyo maana mimi huihesabu holsta kuwa sefti ya nje, na anayenunua bastola ya bei mbaya halafu akaiweka kwenye holsta ya kubahatisha simwelewi.

Pamoja na bastola nilipewa bure holsta ya kitambaa, zile zinazosifiwa kwamba zinaingia bastola zote. Sifa hiyo peke yake inatosha kuikataa. Ukishachomoa bastola, mdomo wa kitambaa unajifunga kwa kubanwa na mkanda, na ili uirudishe lazima uufungue kwa mkono wa pili, yaani mtutu unaelekea vidole vyako mwenyewe. Isitoshe, nikibonyeza kitambaa kwa nje naisikia triga vizuri kabisa. Niliikatakata kwa mkasi kabla ya kuitupa, asije akaiokota mtu.

Ya ngozi niliivaa muda mrefu na bado naipenda. Haikwaruzi, haipigi kelele, inazoea mwili. Tatizo lake ni jasho. Ngozi inalainika taratibu bila wewe kugundua, na siku moja unaona ukingo wa juu umeanza kukunjikia ndani. Ukingo huo ukiingia kwenye nafasi ya triga wakati unarudisha bastola, umejipiga risasi ya paja. Za ngozi zilizo nzuri zina bati jembamba lililoshonewa mdomoni ili usifunge. Kama unataka ngozi, tafuta ya namna hiyo na uikague mara kwa mara.

Kabla ya kuiamini holsta yoyote naipima nyumbani kwa bastola tupu. Tupu maana yake magazini (kibebeo cha risasi) nje, sehemu ya juu imevutwa nyuma, nimetazama chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, na nimeingiza kidole, na risasi zote ziko chumba kingine. Naichomeka, naigeuza juu chini juu ya kitanda na kuitikisa kwa nguvu: haitakiwi kuanguka. Nabonyeza plastiki pale triga ilipo: sitakiwi kuhisi kitu. Halafu navaa, nachuchumaa, nafunga kamba za viatu, naokota kitu sakafuni, nakaa kwenye kiti chenye mikono. Nyingi zinafeli hapo kwenye kiti, kwa sababu mkono wa kiti unaisukuma bastola kwenda juu.

Kuna skrubu moja ndogo yenye kipira chini yake, ndiyo inayokaza au kulegeza namna holsta inavyoishika bastola. Skrubu hiyo inalegea yenyewe kwa kutembea. Niliifungua, nikaidondoshea gundi ya skrubu ya rangi ya bluu, ile ambayo bado inafunguka kwa bisibisi, nikakaza, kisha nikachora mstari wa rangi ya kucha kuanzia kwenye kichwa cha skrubu mpaka kwenye plastiki. Mstari ukikatika najua skrubu imezunguka. Watengenezaji wengi wangeweza kufanya hivyo kiwandani lakini hawafanyi.

Kuhusu kubeba mbele, karibu na kitovu: nilijaribu kwa sababu wengi wanaisifu, na kweli bastola inafichika vizuri zaidi na mkono unaifikia haraka. Lakini ukikaa mtutu unaangalia kinena, na pale pembeni unapita mshipa mkubwa wa damu wa paja. Wapo wanaovaa hivyo kwa usalama miaka nenda rudi. Wengi wao wana kanuni moja nzuri: asubuhi wanachomeka bastola kwenye holsta ikiwa mkononi, ndipo wanaivaa holsta nzima. Mimi tumbo langu lilikataa.

Popote unapobeba, kuchomoa kunaweza kuhitaji haraka, kurudisha hakuhitaji. Inua shati juu kabisa, tazama kwa macho, kidole kimenyooka ubavuni mwa bastola mbali na triga, shusha polepole. Ukihisi kizuizi, simama, toa, tazama tena. Ajali nyingi za watu wanaobeba kihalali hutokea katika tendo hilo dogo, na hakuna adui aliyekuwepo.

Mkanda ndio ulionishangaza. Glock 19 yenye magazini kamili ya risasi 15 inakaribia gramu 850, na uzito huo wote unaning'inia upande mmoja. Mkanda wa kawaida unajipinda, kitako cha bastola kinalala nje na kuchoreka kwenye shati, suruali inashuka, na kila dakika unajikuta unaivuta. Mtu anayejigusagusa kiunoni anajitangaza kuliko mwenye bastola iliyochoreka kidogo. Nilichukua mkanda wa nailoni wa upana wa milimita 38, wenye utepe mgumu wa plastiki ndani, na badala ya matundu una meno madogo nyuma, kwa hiyo unaulegeza kidogo tu baada ya kula. Tofauti niliihisi siku ileile: bastola ikatulia, mgongo ukaacha kuuma. Kama fedha zako zinatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua mkanda.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni choo. Ukifungua mkanda, holsta inapoteza shina lake na bastola inapinduka. Wapo wanaoitoa na kuiweka juu ya tangi la maji au kuitundika kwenye msumari wa mlango, na ndivyo bastola zinavyosahaulika vyooni. Yangu haitoki kwenye holsta. Nafunga tena mkanda magotini, suruali inabaki imeshikwa, bastola iko mbele ya macho yangu. Haipendezi kueleza lakini inafanya kazi, na holsta yenye klipu mbili za kushika mkanda inatulia zaidi hapo kuliko yenye moja.

Tochi ndiyo ninayoitumia kila siku kuliko vyote, na nyingi ya kazi zake hazihusiani na kujilinda. Yangu inatoa takriban lumeni 1,000 (kipimo cha wingi wa mwanga), ina betri ya kuchaji ya aina ya 18650, na swichi moja tu mkiani. Usihadaike na lumeni zilizoandikwa kwenye boksi, kwani ni za dakika za mwanzo. Ikishapata moto inajipunguza yenyewe ili isiungue, na mwanga unaobaki ndio wa kuupima. Swichi iwe moja. Tochi yenye hali sita za mwanga itakupa ile ya kumetameta siku unayotaka kuona vizuri.

Marafiki wananiuliza kwa nini sifungi tochi chini ya mtutu kama wengine. Inafaa, kwa mwenye mafunzo. Lakini ukiwa nayo hiyo tu, kila unachotaka kumulika unakielekezea bastola, na usiku nyumbani kishindo cha kwanza huwa ni mtoto aliyeamka kutafuta maji. Mmarekani Jeff Cooper aliziweka kanuni nne ambazo karibu kila mkufunzi anazifundisha: ihesabu kila bunduki kuwa ina risasi, usielekeze mtutu kwa kitu usichokuwa tayari kukiharibu, kidole kisiguse triga mpaka shabaha iwe machoni, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Tochi ya mkononi inanitimizia ya pili na ya nne kwa wakati mmoja.

Dawa ya pilipili ninayo pia, kikopo kidogo chenye kifuniko cha kugeuza kwa kidole gumba. Nimejaribu aina ya mvuke na aina ya jeli. Ya mvuke inasambaa vizuri lakini upepo kidogo tu unakurudishia usoni. Jeli inakwenda mstari ulionyooka na inafaa ukiwa ndani ya gari au kwenye korido, ila lazima ulenge. Zote hufika kama mita tatu au zaidi kidogo. Angalia tarehe ya mwisho chini ya kopo: pilipili yenyewe haiharibiki haraka, kinachopungua ni msukumo wa gesi. Na angalia sheria kabla ya kusafiri. Uingereza, kwa mfano, dawa hii inahesabiwa kuwa silaha iliyopigwa marufuku chini ya sheria ya silaha ya 1968, na kukutwa nayo ni kosa zito. Kwangu ina thamani moja kubwa: ugomvi mwingi haufikii kiwango cha bastola, na mtu asiye na kitu cha katikati hubaki na kelele au risasi.

Fulana ya kuzuia risasi niliinunua kwa hamu na sasa inakaa kabatini. Ni laini, ya daraja la IIIA kwa kipimo cha taasisi ya Marekani ya NIJ. Daraja hilo linazuia risasi za bastola za kawaida na hata .44 Magnum, lakini risasi ya bunduki ya kivita inapita. Watu wengi hawajui hilo, na wengine hawajui kwamba kuzuia risasi na kuzuia kisu ni vipimo viwili tofauti. Wala "kuzuia" hakumaanishi hutaumia: kipimo cha mwaka 2008 kinaruhusu nyuma ya fulana pabonyee hadi milimita 44, na nyuma ya fulana ni mbavu zako. Kipimo kipya kilitoka 2023 kikabadili majina, ile ya zamani ya IIIA sasa inafanana na HG2, kwa hiyo utakuta maduka yanatumia lugha zote mbili.

Soma pia lebo ya ndani uone tarehe. Nyingi zina dhamana ya miaka mitano. Nyuzi hizi zinachoshwa na unyevu na jua, na mwaka 2005 taasisi hiyohiyo iliziondolea ithibati fulana zenye nyuzi za Zylon baada ya kugundulika kwamba zinadhoofika zikiwa bado zinavaliwa. Ya mtumba bila tarehe usiiguse hata ukipewa bure. Kwa mlinzi wa zamu au anayesindikiza fedha naona inafaa. Kwa mtu wa ofisini kama mimi ni joto tupu chini ya shati, na inanipa ujasiri nisiouhitaji.

Mahali pa fulana nimeweka mkanda wa kuzuia damu, wa aina ya C-A-T, mfuko wa kushoto. Unafungwa sentimita tano hadi saba juu ya jeraha la mkono au mguu, kamwe si juu ya kiungo, unazungushwa kijiti mpaka damu ikome, kisha unaandika saa. Bandia zimejaa sokoni na kijiti chake kinapinda au kuvunjika ukikaza. Nina mikanda hiyo miwili: mmoja wa mazoezi, mwingine haujawahi kukazwa. Magazini ya pili niliacha kuibeba. Huu mkanda siuachi, maana ajali za barabarani ninazozikuta ni nyingi kuliko majambazi.

Kwa masikio sitasema mengi: risasi ya bastola hufika kama desibeli 160, na uwanja wa shabaha wenye paa unazidisha. Vaa vya kuziba ndani na vya kufunika juu, vyote.

Usiku bastola inaingia kwenye sefu ndogo iliyofungwa kwa bolti sakafuni. Ya alama za vidole niliirudisha dukani, ilikuwa inakataa kidole chenye maji. Hii ina vitufe vya kubonyeza, haina betri. Naiweka ikiwa ndani ya holsta yake, triga imefunikwa, na sitoi risasi ya chembani kila jioni. Ukiitoa na kuirudisha ileile kila siku, ncha yake inasukumwa ndani ya ganda kidogokidogo, na risasi iliyofupika ikifyatuliwa msukumo wake unaweza kupanda kupita kiasi. Ninapolazimika kuitoa, naisimamisha mezani kando ya mpya na kulinganisha urefu. Zilizofupika sizifyatui, nazikabidhi kwa msimamizi wa uwanja wa shabaha aziharibu.