Phantom III au Packard Twelve: V12 ipi ya kununua?

Magari haya mawili ya zamani yana injini ya V12, yaani silinda 12 zilizopangwa kwa umbo la V. Rolls-Royce Phantom III (1936–1939) ina lita 7.3, bloku na hedi za alumini, valvu za juu na plagi 24, mbili kwa kila silinda. Packard Twelve ya 1937–1939 ina lita 7.75, bloku la chuma na valvu za pembeni, nguvu ya farasi 175.

Tatizo kubwa liko kwenye Phantom. Tapeti (vipande vinavyosukuma valvu) za magari ya awali ni za haidroliki, yaani zinategemea presha ya oili, na hazivumilii oili chafu: vitundu vyake vya oili vikiziba, tapeti zinagonga na kemshafti (shafti inayofungua valvu) inalika. Mwaka 1938 kiwanda kiliweka tapeti ngumu, zisizo za haidroliki, na magari mengi ya zamani yamebadilishwa vivyo hivyo. Muulize muuzaji, kisha sikiliza injini ikiwa ya moto. Maji matupu kwenye rejeta ni sumu kwa alumini. Dai kulanti (kimiminika cha kupoza injini) yenye kizuia kutu.

Packard haina ugomvi huo wa alumini kwenye bloku, na breki zake ni za haidroliki. Za Phantom ni za kimakanika, zikisaidiwa na sevo, kifaa cha kuongeza nguvu ya breki kinachoendeshwa na giaboksi: nzuri mno, zikirekebishwa na fundi anayezijua. Kwa safari ndefu, chukua Packard.