Dukie wa The Wire na lile jibu la "Sikumbuki"

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Jana usiku nimemaliza kuitazama The Wire kwa mara ya nne, kuanzia sehemu ya kwanza mpaka ya 60, na niliwaahidi kwamba nikimaliza nitaichambua yote kwa video moja. Nimeshindwa. Nimekwama kwenye msimu wa 5, sehemu ya 9, na humo ndani nimekwama kwenye mazungumzo mafupi ya vijana wawili waliokaa garini. Basi leo ni hayo tu, na njia iliyowafikisha pale. Kama hujaitazama, simamisha video hapa hapa, nenda kaitazame, kisha urudi. Nitataja nani anakufa na nani anapona, sitaficha kitu.

Kwa wale walioitazama zamani, niwakumbushe kidogo. Ni tamthilia ya polisi na wauza dawa ya kituo cha televisheni cha HBO, ilianza Juni 2002 ikaisha Machi 2008, na yote inatokea Baltimore, Marekani. Muundaji wake ni David Simon, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la Baltimore Sun, na mwenzake mkubwa kazini ni Ed Burns, aliyekuwa mpelelezi wa polisi wa jiji hilo hilo halafu akaenda kufundisha shule. Shikeni hapo kwenye kufundisha.

Sasa, gari. Michael ndiye dereva. Ametoka kumpiga risasi Snoop, mwanamke aliyemfundisha kuua, kwa sababu amegundua Snoop ametumwa kumuua yeye. Amemkabidhi mdogo wake, Bug, kwa shangazi pamoja na sanduku la pesa. Amebaki na Dukie tu, rafiki yake, na hana pa kumpeleka. Anamshusha kwa wale wanaume wanaookota vyuma chakavu kwa mkokoteni wa farasi, mahali ambapo mtu akitazama mara moja tu anajua wanajidunga. Kabla ya kushuka, Dukie anamuuliza kama anaikumbuka siku ile ya kiangazi, kabla shule hazijafunguliwa, walipojaza mkojo kwenye maputo wakawarushia wale vijana wa Terrace. Siku ile Dukie alipigwa vibaya, lakini yeye anaihesabu kuwa siku nzuri, kwa sababu rafiki zake walimnunulia aiskrimu kwenye gari la aiskrimu. Unakumbuka, Mike?

Michael anajibu: sikumbuki.

Nimeiona mara nne, na mara zote nne nimelia. Nataka kuwaeleza kwa nini, kwa sababu mtu ambaye hajatazama msimu wa 4 anaweza kudhani ni mazungumzo ya kawaida.

Msimu wa 4 ulianza Septemba 2006, una sehemu 13, na kwangu mimi televisheni haijawahi kutoa kitu cha kuufikia. Unafuata wavulana wanne wanaosoma pamoja: Michael, Namond, Randy na Duquan, ambaye wote wanamwita Dukie. Watu wakizungumzia The Wire utasikia Omar, yule jambazi anayewaibia wauza dawa, Omar, Omar. Nampenda Omar, na Mungu amrehemu Michael K. Williams aliyemwigiza. Lakini Omar ana bunduki, ana koti, watoto wanapiga kelele mtaa mzima kwamba anakuja. Dukie akija hakuna anayepiga kelele. Wenzake wanasogeza viti kwa sababu ananuka. Nyumbani kwao wote ni mateja, na akipewa nguo mpya zinauzwa ili wapate unga.

Sasa tazama mtoto huyo anavyofanya. Anakuta kifeni kidogo kibovu, anakitengeneza mwenyewe kinazunguka. Halafu kuna siku darasani msichana mmoja, baada ya kuchokozwa muda mrefu, anamkata mwenzake usoni. Damu, makelele, mwalimu hajui afanye nini, kila mtu amekimbilia kwa aliyekatwa. Yule aliyekata amekaa sakafuni, amepotea kabisa. Dukie anakwenda kuchutama mbele yake, anawasha kifeni chake, anampepea usoni. Hasemi neno. Nilisimamisha video pale nikakaa kimya muda mrefu. Kati ya watu wote waliokuwa darasani, yule aliyezoea kutengwa ndiye aliyeona kwamba kuna mtu wa pili anayeumia.

Jermaine Crawford aliyemwigiza alikuwa kijana mdogo, na anaigiza kwa mabega. Mtazameni anavyotembea mwanzoni, mabega yameingia ndani kama anayetaka kuchukua nafasi ndogo zaidi duniani. Halafu katikati ya msimu yanafunguka kidogo kidogo. Kwa nini? Kwa sababu ya mwalimu wa hesabu.

Prez. Huyu alikuwa askari aliyeharibu kazi, akampiga risasi askari mwenzake kwa makosa katika msimu wa 3, akaacha, akaja kufundisha. Mara ya kwanza nilipomwona mbele ya ubao nilijua atashindwa. Lakini anamwona Dukie. Anamgawia chakula cha mchana. Dukie anaoga shuleni asubuhi kabla ya wenzake, nguo zake zinafuliwa shuleni. Darasani kuna kompyuta na Dukie ndiye anayeielewa kuliko wote. Hapa ndipo unapouona ualimu wa Ed Burns: hakuna hotuba ya kubadilisha maisha, kuna sabuni, nguo safi na chakula. Mtoto amefunguka kwa mambo hayo tu.

Na kinachomvunja, jamani, ni kupanda darasa! Anaambiwa amerushwa, anakwenda sekondari katikati ya mwaka. Kwenye karatasi ni habari njema. Kwake maana yake ni jengo jipya ambako hakuna Prez, hakuna bafu, hakuna anayemjua. Siku ya kwanza anafika nje ya shule hiyo, anasimama, anaitazama, haingii. Mara ya kwanza niliitazama sehemu ile nikampigia kelele: ingia! Mara ya nne sikupiga kelele. Niliona kwamba hakuna mtu mbaya pale. Mkuu wake Prez hata anamwambia, kwa upole, kwamba watoto hawa si wako, ufanye sehemu yako kisha uwaache waende, maana nyuma yao wanakuja wengine watakaokuhitaji. Ni maneno ya mtu mwenye busara na uzoefu. Yamemmaliza Dukie.

Nisiwasahau wengine. Namond anachukuliwa na Bunny Colvin, polisi wa zamani, analelewa kwake, na ndiye pekee anayepona. Nilifurahi, lakini inaniuma kwamba aliyeokolewa ndiye aliyekuwa na nyumba nzuri na mama wa kumvalisha. Randy ndiye anayenitesa. Kijana wa biashara, anauza pipi shuleni, anacheka na kila mtu. Anatoa siri ya mauaji ili tu asifukuzwe shule, polisi wanalivujisha jina lake, nyumba ya mama yake mlezi inachomwa moto. Pale hospitalini anamuuliza askari Carver kwa sauti kubwa kama bado atamlinda, kama alivyoahidi. Carver anaondoka mgongo umepinda. Halafu anajaribu kweli, anaomba amlee yeye mwenyewe, taratibu zinamkatalia, anamwacha kwenye kituo cha watoto, anarudi garini, anaupiga usukani kwa ngumi. Seth Gilliam, anayemwigiza Carver, hasemi kitu, anapiga tu. Tamthilia hii haikupata hata tuzo moja ya Emmy, zile tuzo kubwa za televisheni za Marekani. Hata moja. Nikikumbuka ule usukani hasira zinanipanda upya.

Tuje msimu wa 5, na hapa nina lawama. Una sehemu 10 tu, na muda mwingi unatumika kwa mpelelezi McNulty anayebuni muuaji wa uongo ili idara ya polisi ipewe pesa. Najua walichotaka kusema, na kisa cha gazeti kilichomo humo nakielewa kwa sababu Simon anazungumzia nyumba aliyoishi. Lakini mimi nilikuwa nahesabu dakika. Kila McNulty alipokuwa anahangaika na maiti zake, nilikuwa nauliza, Dukie yuko wapi? Amekula? Wangempa nusu ya ule muda tu.

Kwa sababu anapoonekana, kila mara ni msumari. Anaishi kwa Michael, analipwa kumtunza Bug, anamsaidia kazi za shule. Anajaribu kuuza dawa kijiweni, watoto wadogo kuliko yeye wanamdharau. Michael anamfundisha kulenga shabaha, hawezi. Anakwenda kwa Cutty kwenye ukumbi wa ngumi ili ajue kupigana, na Cutty, mtu mzima aliyekaa jela miaka mingi, anamwambia ukweli kwamba dunia ni kubwa kuliko mtaa huu. Dukie anamuuliza: kutoka hapa kwenda kwenye hiyo dunia nyingine, mtu anapitaje? Na Cutty anakiri kwamba angependa sana kujua. Nampenda Cutty kwa kutomdanganya mtoto, ila usiku ule sikulala vizuri.

Halafu anakwenda dukani kuomba kazi, duka la viatu. Na nani yuko pale akiuza viatu? Poot! Poot wa msimu wa 1, yule aliyeshika bastola pamoja na Bodie siku waliyomuua Wallace, rafiki yao wenyewe. Mara ya kwanza sikumtambua, nawaambia ukweli. Amechoka na kijiwe, amepata kazi halali, na anaongea na Dukie vizuri kabisa, kwa heshima. Lakini anamwambia bado mdogo, arudi akikua. Fikirieni ilivyopangwa: Wallace alikuwa mtoto mpole asiyefaa kijiweni, aliyewalea watoto wadogo, akawapikia na kuwasaidia hesabu. Ni Dukie mwenyewe. Na anayemfungia Dukie mlango, bila ubaya wowote, ni mmoja wa waliomuua Wallace. Nilipokwenda kuangalia majina, nikakuta sehemu ya kifo cha Wallace na hii sehemu ya gari zimeandikwa na mtu mmoja, George Pelecanos. Nikasema, ahaa, kumbe mkono ni ule ule.

Na katika sehemu hiyo hiyo ya 9, Bubbles, teja wa siku nyingi, anasimama mbele ya wenzake wanaoacha dawa, anazungumza kwa mara ya kwanza juu ya Sherrod, kijana aliyekufa kwa dawa alizoziandaa yeye. Nimemfuata Bubbles misimu mitano nikimwombea hivi hivi, kana kwamba ni ndugu yangu, na pale Andre Royo anayemwigiza aliponyanyuka kuzungumza nilishika mdomo. Kwa hiyo usiku mmoja tu tunampata Bubbles na tunampoteza Dukie. Sehemu ya mwisho kabisa ya tamthilia inakuja kuliweka wazi: Bubbles anapanda ngazi kutoka chumba cha chini, anakaa mezani kula na dada yake, na Dukie anajidunga sindano. Kiti kilichoachwa na mmoja kimekaliwa na mwingine.

Kuna jambo limebadilika kwangu safari hii. Katika hiyo sehemu ya mwisho Dukie anamrudia Prez shuleni kumwomba pesa, anadai anataka kujiandikisha masomo. Prez sasa ana ndevu, darasa linamtii, amekuwa mwalimu hasa. Anampa. Anampeleka kwa gari, anabaki amekaa anamwona akienda moja kwa moja kwa yule mzee wa mkokoteni. Miaka yote nilimlaumu Prez. Nilisema alijua, kwa nini alimpa pesa, kwa nini hakumrudisha garini kwa nguvu? Jana niliitazama nikaona mtu ambaye alishafanya kila kilichokuwa mikononi mwake, na wakati ule wa sabuni na chakula ulishapita, mtoto aliyekuwa anamfulia nguo amekuwa kijana anayemdanganya akimtazama machoni. Alimpa kwa sababu kumnyima kungekuwa kumwambia Dukie kwa kinywa chake kwamba hamwamini tena. Bado sijui kama ningempa. Ila simlaumu.

Turudi garini. Mara ya kwanza nilimchukia Michael kwa lile "sikumbuki." Niliona ukatili. Mara ya pili na ya tatu nikasema hapana, kweli amesahau, kazi ya kuua imefuta kila kitu, na hiyo ikanitisha zaidi. Lakini jana niligundua kwamba mara zote tatu nilikuwa namwangalia Dukie, kwa sababu ndiye anayeongea, ndiye ninayemwonea huruma. Safari hii nikafunika upande wa Dukie kwa mkono, nikamwangalia Michael peke yake. Tristan Wilds, anayemwigiza Michael, anavyosikiliza yale maneno ya aiskrimu, jinsi anavyochelewa kujibu. Rudini mkaitazame hivyo, mfunike upande mmoja, halafu mniambie kama yule ni mtu aliyesahau.