Alama za Usalama kwenye Chaja za Simu: Ipi Iaminiwe Kwanza Lubumbashi

Chaja nyingi zinazouzwa Lubumbashi, ziwe za soko la mtaa wa Kenya au za maduka ya katikati ya mji, zimejaa alama mgongoni, na mnunuzi huzipokea zote kana kwamba zina uzito mmoja. Nimezipanga kwa kuuliza nani aliyekipima kifaa, na kama mnunuzi anaweza kulithibitisha hilo mwenyewe.

Nafasi ya kwanza naipa alama ya maabara huru: UL ya Marekani, au GS ya Ujerumani, ambayo huandamana na jina la aliyepima, kama vile TÜV au VDE. Kifaa hupimwa na asiyekiuza, na kiwanda huendelea kukaguliwa. Aghalabu kando ya UL huwapo namba inayoanza na herufi E, ambayo unaweza kuitafuta kwa simu katika hifadhidata ya shirika hilo. Isipoonekana, au ikiwa ni ya bidhaa ya aina nyingine kabisa, usinunue.

Ya pili ni CCC ya China, ambayo ni ya lazima kwa vifaa vilivyotajwa na sheria ya huko. Hata hivyo, imewekwa kwa ajili ya soko la China lenyewe, kwa hiyo kukosekana kwake kwenye bidhaa iliyotengenezewa nchi za nje si dosari.

CE naiweka ya tatu, nami najua wengi watashangaa. Kwa chaja, alama hiyo ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba amefuata sheria za Umoja wa Ulaya. Hakuna maabara huru inayolazimishwa kumhakiki, wala daftari moja ambamo raia angeweza kuitafuta. Mtengenezaji mwaminifu huiweka kwa haki, na mdanganyifu huichapa bila gharama yoyote.

Mwisho kabisa ni FCC na RoHS. Ya kwanza inahusu mwingiliano wa mawimbi ya redio, ya pili inazuia madini kama risasi na zebaki; hakuna hata moja inayokuambia kama umeme wa volti 220 unaweza kufika mkononi mwa mtoto.

Kabla ya kulipa, soma pia kama pameandikwa 100-240V, yaani chaja inapokea umeme wa volti 100 hadi 240, kisha omba kupiga picha ya maandishi hayo uyakague. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.